Mama Alichemsha Maji

Swali lilitoka dawati la nyuma, kipindi cha mwisho kabla ya chakula. Nilikuwa nimechora ubaoni jedwali la elementi 20 za mwanzo, na chini ya klorini nimeandika uzito wa atomu yake, 35.5. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida haulizi kitu, akanyoosha mkono.

"Madam, hiyo nusu ni ya nini? Kuna protoni iliyokatwa?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilohilo nililibeba kifuani miaka minne ya sekondari bila kuthubutu kuliuliza. Tulisomeshwa kemia kwa Kiingereza, na anayeuliza kwa Kiingereza kibovu alichekwa mara mbili: kwa swali na kwa lugha. Kwa hiyo tuliikariri 35.5 kama namba ya simu. Nikaamua huyu kijana hataondoka nayo hivyo.

Ukiichunguza atomu, sehemu yake kubwa ni uwazi. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alionyesha kwamba karibu uzito wake wote umekusanyika kwenye kiini kidogo mno katikati. Ukiikuza atomu ikawa na ukubwa wa uwanja wa mpira, kiini kitakuwa kama punje ya ulezi iliyoangushwa kwenye duara la kati. Ndani ya punje hiyo wamo wawili: protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Eneo lote linalobaki, mpaka majukwaani, ni la elektroni, zenye chaji hasi na nyepesi sana. Inabidi ukusanye elektroni zipatazo 1,836 ndipo ufikie uzito wa protoni moja.

Jina la elementi linatokana na idadi ya protoni peke yake. Mwenye protoni 17 ni klorini, hakuna mjadala. Akiwa na 16 ni salfa, akiwa na 18 ni agoni. Nyutroni hazibadilishi jina, zinabadilisha uzito. Kuna klorini zenye nyutroni 18, ukijumlisha na protoni zake unapata 35. Kuna nyingine zina nyutroni 20, jumla 37. Zote ni klorini, zinaungana na sodiamu kuwa chumvi ileile, ulimi hauwezi kuzitofautisha. Hizo ndizo isotopu. Mwaka 1919 Francis Aston, pale Cambridge, alikamilisha mtambo wa kutenganisha atomu kwa uzito wake, na haikuchukua muda akaonyesha kwamba klorini inayotuzunguka ni mchanganyiko wa hizo mbili. Mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel.

Nikamwambia yule kijana: umeenda sokoni ukanunua maembe manne. Matatu yana gramu 350 kila moja, la nne lina gramu 370. Wastani ni ngapi? Akapiga hesabu kwenye kiganja. Gramu 355. Nitafutie basi kwenye kapu lako hilo embe la gramu 355. Akatazama juu, kisha akatabasamu taratibu, na nikaona kwamba ameelewa. Halipo. Na klorini ya 35.5 nayo haipo, si baharini, si kwenye chumvi ya mama yake, si popote. Katika kila atomu nne za klorini, karibu tatu ni 35 na moja ni 37. Ukitaka hesabu ya karibu zaidi, ni asilimia 75.8 kwa 24.2, na wastani wake ni 35.45. Namba iliyo kwenye jedwali ni ya kapu zima, si ya embe lolote.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefundisha vizuri. Lakini akanyoosha kidole tena, safari hii akielekeza juu kidogo ya klorini, safu ileile.

"Na florini, Madam? Hiyo mbona 19 kamili?"

Nikamjibu kwamba florini haina ndugu. Florini yote ya asili, popote ilipo duniani, ina protoni 9 na nyutroni 10. Isotopu moja tu. Ndiyo maana vitabu vinaandika 18.998, na shuleni tunasema 19, hakuna wastani wa kupiga. Nilipokuwa nasema hayo nikajikuta nimeufunika mdomo kwa mkono wa kushoto. Ni mazoea yangu tangu nikiwa na miaka saba, na yana uhusiano na elementi hiyohiyo.

Nimezaliwa upande wa mashariki wa Mlima Meru, si mbali na mto uitwao Maji ya Chai. Meno yangu ya utotoni yalikuwa meupe. Yalipong'oka, yakaota ya ukubwani yakiwa na michirizi kama chokaa, na miaka ilivyokwenda michirizi ikageuka kahawia. Kijijini hakuna aliyestaajabu. Watoto karibu wote tulikuwa hivyo, wajomba zetu hivyo, na mwenye meno meupe tulijua amekuja kuolewa au kuhamia kazi. Mpaka nilipotoka.

Chuoni, mwenzangu wa chumba aliniuliza wiki ya kwanza kama navuta sigara. Mwingine akauliza kama nyumbani kwetu hatupigi mswaki. Nilikuwa naamka kabla yao, naenda bafuni na mkaa uliosagwa na chumvi, nasugua mpaka fizi zinatoa damu. Leo nikifikiria ule ugumu wa moyo, nawaza pia kemia yake: chumvi ni ioni za sodiamu na ioni za klorini. Nilikuwa nachukua jirani wa florini, aliye chini yake kwenye jedwali, nikimtumia kusugua kazi ambayo florini ilishaimaliza ndani ya fizi kabla jino halijachomoza. Picha zangu zote za chuo nimefumba mdomo. Hata ile ya mahafali.

Hapa lazima nitenganishe majina mawili yanayochanganya watu wengi: florini na floraidi.

Florini ni gesi ya manjano hafifu, na hakuna elementi yenye pupa kuliko hiyo. Ina elektroni 9: mbili zimekaa karibu na kiini, saba ziko nje. Nje pana nafasi nane. Kwa hiyo atomu ya florini inaishi na nafasi moja wazi, na itanyang'anya elektroni karibu popote itakapoikuta. Wanakemia waliohangaika kuitenga katika karne ya 19 waliumia, na wengine walikufa. Henri Moissan alifanikiwa huko Paris mwezi Juni 1886, akatuzwa Nobel mwaka 1906, akafariki mwaka uliofuata. Katika maji ya kunywa hutaikuta gesi hiyo, maana ikigusa maji inayashambulia papo hapo.

Kinachopatikana kwenye maji ya Meru ni floraidi. Ni florini ileile, protoni 9 zilezile, nyutroni 10 zilezile, ila imeshapata elektroni yake ya kumi. Nafasi imejaa. Sasa elektroni ni 10 na protoni ni 9, kwa hiyo jumla imebaki chaji hasi moja. Atomu yenye chaji namna hiyo, iwe imeongeza elektroni au imepoteza, ndiyo tunaiita ioni. Ukitaka kujua kilichoongezeka kwenye mizani, elektroni moja ni kama sehemu moja kati ya 35,000 ya uzito wa atomu ya florini. Hakuna mizani ya duka itakayokuonyesha. Lakini kwa elektroni hiyo moja, gesi inayotoboa kioo imekuwa kitu kisicho na rangi wala harufu, kimetulia ndani ya glasi ya maji, na mtoto anakinywa.

Na kinakuwa kingi. Tuchukue maji yenye miligramu 10 za floraidi kwa lita, kiwango ambacho upande wetu si cha ajabu. Glasi moja ya robo lita ina ioni zipatazo bilioni 80 mara bilioni moja. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikubali mpaka 4, kwa kuwa vijiji vingi vingebaki bila chanzo chochote cha maji.

Chimbuko ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na miamba na majivu yake vina florini nyingi. Maji yanapopita humo yanaibeba. Kwingine kalsiamu iliyomo majini huikamata floraidi na kuigandisha kuwa jiwe, ikabaki chini. Maji yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo ioni hazipati wa kuzishika. Zinasafiri mpaka kwenye ndoo.

Anayezishika ni mtoto. Ganda gumu la jino limejengwa kwa kalsiamu, fosfeti, na ioni ndogo ya haidroksidi iliyopangwa katikati yake. Haidroksidi ina chaji hasi moja, na ukubwa wake unakaribiana sana na wa floraidi. Mwili unapojenga jino chini ya fizi, floraidi inakaa mahali pa haidroksidi kama mgeni aliyekuta kiti kitupu. Ikiwa ni kidogo, jino linakuwa gumu zaidi dhidi ya kuoza, na hiyo ndiyo sababu imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi wakati jino bado linaumbwa, mpaka umri wa miaka minane hivi, ganda linajengeka vibaya, linakuwa na vitundu, na rangi inaingia humo. Ikizidi sana kwa miaka mingi inafika kwenye mifupa. Wazee wetu wapo wasioweza kugeuza shingo. Watoto wapo wenye miguu iliyopinda.

Watu huniuliza kama floraidi ya dawa ya meno ni "nzuri" na ya Meru ni "mbaya". Hapa ndipo ile 19 kamili inanigusa. Klorini ina isotopu mbili, na uwiano wake unatofautiana kidogo kutoka mahali hadi mahali, kiasi kwamba shirika la kimataifa la wanakemia, IUPAC, sasa linaandika uzito wake kama masafa, kutoka 35.446 hadi 35.457. Haidrojeni na oksijeni nazo zimeandikwa kwa masafa. Maji ya mvua na maji ya ziwa hayana wastani ule ule, kwa sababu chembe za maji zilizo nyepesi hutangulia kupaa jua likiwaka. Ukipewa tone la maji unaweza kusoma kidogo historia ya safari yake. Florini haina historia ya namna hiyo. Isotopu ni moja. Chukua ioni moja kutoka kwenye tyubu ya dawa na moja kutoka kwenye jino langu, hakuna mtambo duniani utakaokuambia ipi ni ipi. Kinachotofautisha dawa na ulemavu ni kiasi tu.

Haya yote nilikuja kumweleza mama likizo ya Desemba. Nilikuwa nimeyaahirisha miaka mingi, kwa sababu nilijua yataishia kwenye sufuria.

Mama alikuwa mchemshaji maji kuliko mwanamke yeyote pale kijijini. Tangu nesi wa kliniki alipomwambia maji ya mto yana vijidudu, hatukunywa tone ambalo halijachemka. Sufuria kubwa yenye masizi ilipanda mafigani saa kumi alfajiri, ikachemka mpaka mfuniko unacheza, kisha maji yakachujwa kwa kitambaa cheupe na kuwekwa kwenye ndoo ambayo mtoto haruhusiwi kuigusa. Majirani walimsema kwa kumaliza kuni. Na meno yetu yalipotoka ya kahawia, alijiuliza ni wapi alipokosea. Hilo hakuwahi kulisema. Lakini mdogo wangu alipoota la kwanza la mbele, nilimwona mama amemshika kidevu mlangoni penye mwanga, amemgeuza huku na huku, halafu amemwachia bila neno.

Tulikuwa jikoni tunachambua maharage. Nikamwambia, mama, kijidudu kina uhai, moto unakiua. Ioni haina uhai. Haiungui, haipai na mvuke, haikamatwi na kitambaa, maana imeyeyuka ndani ya maji yenyewe. Maji yakichemka, kinachoondoka ni maji, floraidi inabaki chini. Nikachukua mfano: lita tano zenye miligramu 10 kwa lita ni miligramu 50. Chemsha mpaka zibaki lita nne. Miligramu ni 50 zilezile, ila sasa ni 12.5 kwa lita. Nikamkumbusha maziwa ya Momella, kule hifadhini. Maji yanaingia, hayana pa kutokea ila juu kwa jua, na floraidi yake imefika mamia ya miligramu kwa lita.

Akaacha kuchambua.

"Kwa hiyo niliongeza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa karibu kila neno isipokuwa hilo. Nikamwambia ukweli: ndiyo, kidogo, na kiasi hicho kisingebadilisha rangi ya jino hata moja, yangekuwa kahawia vilevile. Nikamwambia pia kwamba sote watano tupo hai, na kwamba kipindupindu na homa ya matumbo vilipita kwa majirani bila kuingia kwetu. Sufuria yake ilifanya kazi yake yote. Hii nyingine haikuwa kazi ya moto.

Nikamsimulia juu ya Colorado. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs huko Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama yetu. Alitafuta sababu miaka 30. Watu walitaja kila kitu, hata chakula, na McKay akaja kushuku maji, lakini vipimo vya wakati huo havikuonyesha kitu. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, alipima kwa makini maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, wenye tatizo lilelile, akaikuta floraidi. Kule na mahali kwingine pia akina mama walikuwa wakiwatazama watoto wao mlangoni penye mwanga.

"Wazungu nao?" mama akauliza.

"Wazungu nao, mama."

Akarudi kwenye maharage. Nikamwona ananyoosha mkono kwenye kopo la magadi, akasita. Nikamwambia tuyapunguze hayo kwa mjukuu, maana nayo hubeba floraidi. Akaliweka kopo juu ya kabati bila kubishana.

Mjukuu ana miaka mitatu. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, chini ya fizi, huku akicheza na gurudumu uwanjani. Muda tulionao ni huu, hautarudi. Tulichofanya likizo hiyo ni vitu viwili. Cha kwanza ni mvua. Mvua haina floraidi ya kuhofia, kwa sababu ileile iliyomshinda mama: maji yanapopaa kwenda kuwa wingu, ioni inabaki chini. Tulifunga gata kwenye paa la bati na kuelekeza kwenye simtanki, na maji hayo ni ya mtoto tu, ya kunywa na ya uji. Yanachemshwa, kwa sufuria ileile.

Cha pili ni mkaa wa mifupa, wa kipindi ambacho mvua imekata. Kituo cha Ngurdoto, hapohapo wilayani kwetu, wamefanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, inakuwa punje nyeusi, inajazwa kwenye ndoo, na maji yanapitishwa humo polepole. Ikichomwa vibaya maji yananuka. Ikichomwa vizuri huoni tofauti yoyote. Nilimmiminia mama punje kiganjani. Akazinusa, akazisugua kwa kidole gumba, akauliza mfupa unafanyaje kazi ambayo moto umeishindwa.

Nikamwambia mfupa umejengwa kwa vitu vilevile vya jino, kalsiamu na fosfeti, na una vile viti vya haidroksidi. Floraidi ikipita humo inakaa. Inafanya kwenye mfupa wa ng'ombe kilekile ilichofanya mdomoni mwangu.

Mama alikaa kimya, punje zikiwa bado kiganjani.

"Na viti vikijaa?"

"Vikijaa inapita, mama. Inarudi kwenye maji."

"Nitajuaje vimejaa?"

Hawezi kujua kwa macho, wala kwa ulimi, wala kwa pua. Lazima maji yapimwe. Nilipoondoka Januari kurudi shuleni Tanga alinisindikiza mpaka barabara kuu, na kabla basi halijafika akanipa chupa ya nusu lita iliyofungwa kwa nailoni na kitambaa. Ameichota kwenye bomba la ile ndoo asubuhi hiyo. Kwenye kizibo ameandika tarehe kwa kalamu, na chini yake jina la mjukuu.